Ukwato Katika Bendera

Tulipokuwa tukisoma darasani Shamba la Wanyama, mtoto mmoja aliuliza, "Mwalimu, ule ukwato uliochorwa katika bendera ni wa nani?" Wenziwe wakacheka. Sisi hatukuwa na jibu tayari, na swali lile latusumbua hata sasa.

Kitabu hicho alikitunga Mwingereza George Orwell, kikatoka mwaka 1945. Mwaka 1967 Fortunatus Kawegere akatupatia kwa Kiswahili. Wanyama wa shamba moja wamfukuza bwana wao, nao mara wataka bendera. Wachukua kitambaa cha meza kikuukuu, cha kijani, na juu yake wachora ukwato na pembe kwa rangi nyeupe. Mataifa ya watu huazima simba au tai kuwa alama ya fahari yao. Lakini hawa ni wanyama wenyewe, nao wajichorea viungo vyao. Kwa maoni yetu hapana fahari iliyo halali kuliko hiyo.

Basi, ni nani aliyeitumikia bendera ile kuliko farasi Boxer? Mawe ya kinu cha upepo aliyavuta yeye, na vitani ukwato wake ulipasuka. Lakini alipoanguka kwa kazi, nguruwe waliotawala walimwuza kwa mchinja farasi, na fedha yake wakanywea wiski. Siku ile bendera ilikuwa ikali ikipepea na ukwato wake. Miaka ikapita, ndipo nguruwe Napoleon alipoamuru alama zile zifutwe. Wasomaji wengi husema kwamba hapo ndipo usaliti ulipotimia. Sisi twaona kinyume chake: siku ya kufuta, bendera ilianza kusema kweli. Uongo ulikuwa siku ile gari la mchinjaji lilipopita chini yake.

Wala jambo hili si la hadithini tu. Marekani ilimweka tai mwenye kichwa cheupe katika muhuri wa taifa mwaka 1782. Hata hivyo watu walimwinda, wakamharibia makao. Kisha dawa ya wadudu iitwayo DDT ikafanya maganda ya mayai yake kuwa membamba, yakavunjika kiotani. Mwaka 1963 zilihesabiwa jozi 417 tu zenye viota, ukiacha Alaska, na huku picha yake i katika fedha ya kila mtu mfukoni. Dawa ile ilipigwa marufuku mwaka 1972, na mwaka 2007 tai akaondolewa katika orodha ya wanyama walio hatarini. Jirani zetu wa Uganda wana korongo mwenye taji katika bendera yao tangu 1962. Naye tangu 2012 amehesabiwa ulimwenguni kuwa hatarini, kwa kuwa, pamoja na mambo mengine, vinamasi anamozalia vyakaushwa vilimwe. Lakini anayelima kinamasi kwa sababu ya njaa hatuwezi kumweka kundi moja na nguruwe wale.

Mtoto yule tulimjibu siku ya pili, ya kuwa ukwato ni wa Boxer. Hakuridhika. Alitaka kujua kwa nini wenziwe hawakulizuia gari mapema. Tukamwonyesha ya kwamba wengi wao hawakuweza kusoma maneno yaliyoandikwa ubavuni mwake. Punda Benjamin alijua kusoma, naye aliwasomea Boxer alipokuwa amekwisha kutiwa ndani.