Uchungu wa kushindwa na jirani

Masomo: Zaburi 137; Waebrania 12:14-15



Wengi wetu tuna jamaa waliopokelewa Marekani, na kupitia kwao tumesikia habari za mpira wa vyuo vikuu wa huko. Si kandanda yetu. Huo huchezwa kwa mikono zaidi ya miguu. Katika jimbo la Alabama kuna vyuo viwili, Alabama kilichoko Tuscaloosa na kile cha Auburn, ambavyo hukutana kila mwaka. Siku hiyo nyumba moja hugawanyika, mume huku na mke kule. Na mashabiki wakikaa pamoja, mara nyingi hawaanzi na ushindi wao. Wanabishana ni kushindwa kupi kulikowauma zaidi.

Shabiki wa Alabama ana siku mbili za kuchagua. Mwaka 2010 timu yake iliongoza kwa alama 24 kwa 0, tena nyumbani kwake, ikaishia kushindwa 28 kwa 27. Mwaka 2013 walikuwa wa kwanza nchini nzima. Mchezo ulikuwa 28 kwa 28 na saa imekwisha, lakini kocha wao akadai kwamba imebaki sekunde moja, waamuzi wakairudisha. Wakapiga mpira kutoka yadi 57 ili upite kati ya milingoti. Haukufika. Chris Davis wa Auburn akaudaka mwisho kabisa wa uwanja, akakimbia nao hadi upande wa pili, ikawa 34 kwa 28. Sisi tungesema hiyo ndiyo iliyouma zaidi, kwa maana sekunde iliyowaangusha waliiomba wenyewe. Na mpigaji wao mwingine, aliyekosa mapema siku ile, alitishiwa kuuawa na mashabiki wa timu yake mwenyewe.

Maneno hayo yangekuwa ya kupoteza muda tu, kama uchungu ungebaki katika maneno. Auburn kulikuwa na miti miwili mikubwa ya mwaloni katika kona iitwayo Toomer's, ambapo watu wakishinda hurusha karatasi za chooni matawini (msicheke, kila watu wana desturi zao). Baada ya kushindwa kwa 2010, shabiki mmoja wa Alabama alimwaga dawa ya kuua mimea kwenye mizizi ya miti ile. Januari 2011 akapiga simu redioni na kujisifu. Akataja kinyongo cha 1983, mwaka aliokufa kocha wao Bear Bryant, akidai kwamba watu wa Auburn walishangilia msiba ule. Miaka 28 alikuwa amelitunza jambo hilo! Miti ikachipua na kupukutika, ikachipua tena na kupukutika, na Aprili 2013 ikakatwa.

Mwandishi wa Waebrania anatuonya juu ya uchungu unaotia mizizi ndani ya mtu na kuwachafua wengi.

Wapendwa, hatulinganishi mchezo na vita. Aliyepoteza mtoto njiani hakupoteza alama. Lakini mabishano yenyewe tunayajua. Jioni aliyekimbia Burundi mwaka 1972 humwambia aliyekimbia 1993, wewe hujaona kitu. Na aliyetoka Kongo 1996 anawanyamazisha wote wawili. Watoto waliozaliwa kambini wanasikiliza. Hawaijui shamba lililoachwa, ila wamekwisha kujua jina la kabila la kuchukiwa.

Zaburi 137 inaanza na kilio kando ya mito na kuishia kwa tamaa ya kutisha juu ya watoto wa adui. Kanisa halikuifuta. Waliolia walimpelekea Mungu hata neno lile baya, na hilo ni tofauti kabisa na kulipeleka kwa jirani wakati amelala.

Tena kuna jambo la Alabama ambalo halitajwi sana katika mabishano. Habari ya sumu ilipojulikana, mashabiki wengine wa Alabama walichanga fedha za kujaribu kuiokoa miti ya wapinzani wao. Tarehe 27 Aprili 2011 kimbunga kikaipiga Tuscaloosa, nyumba zikabomoka na watu wengi wakafa. Mashabiki wa Auburn wakaunda kikundi cha kukusanya misaada kwa ajili ya mji huo, wakakipa jina la kona ile ile ya miti iliyotiwa sumu. Wakati huo miti ilikuwa bado inakufa, na wao hawakungoja kuombwa radhi.

Basi wiki hii, katika vikundi vya maombi, someni Zaburi 137 yote mbele ya watoto, msiruke mstari wa mwisho. Kisha mzee mmoja asimulie alichopoteza, na mwenzake wa upande mwingine amsikilize mpaka amalize, kabla ya kutaja cha kwake. Wenye mgogoro wa mipaka ya viwanja wakae kundi moja.