Nia na Misuli Katika Ugonjwa wa Parkinson

Mtu anaponuia kuinua mkono na mkono ukakataa kuinuka, je, nia yake imepungua, au imekosa tu njia ya kutokea? Swali hili la kale limepata uzito mpya katika ugonjwa wa Parkinson, uliopewa jina la tabibu James Parkinson wa London aliyeueleza mwaka 1817, kwa kuwa ugonjwa huu huvuruga mwendo huku, hasa katika miaka ya mwanzo, mara nyingi ukiiacha akili ya mgonjwa ikiwa timamu.

Kwa muda mrefu maradhi haya yalihesabiwa kuwa ya ubongo pekee, yaani kufa kwa seli zinazotengeneza dopamini, kemikali inayowezesha mwendo kuanza na kuendelea bila kukwama. Mwaka 1997 watafiti walibaini kwamba vibonge vinavyojitokeza ndani ya seli hizo vimejaa alfa-sinukleini, protini ya kawaida ya miisho ya neva ambayo ikikunjika vibaya hugandamana. Baadaye protini hiyo iliyoharibika ilionekana pia katika neva za utumbo, za ngozi na hata zile zinazopita ndani ya misuli, na kwa baadhi ya wagonjwa misuli yenyewe imekutwa na udhaifu katika protini za mitokondria, sehemu za seli zinazozalisha nishati.

Matokeo hayo yanaitikisa hoja ya Descartes, mwanafalsafa Mfaransa wa karne ya 17, kwamba nafsi na mwili ni vitu viwili vilivyo mbalimbali, kwani nia ya mwanadamu hupita katika nyama na neva. Hata hivyo, hayampi ushindi anayedai kwamba mtu si chochote ila protini zake. Mgonjwa ambaye miguu yake imeganda mlangoni, akashindwa kuvuka kizingiti, mara nyingi huweza kupiga hatua akichorewa mstari sakafuni, jambo linaloonyesha kwamba azma ya kwenda ilikuwapo muda wote, ikisubiri njia nyingine.

Dini zimelitambua hilo kwa namna yake. Sheria ya Kiislamu humruhusu asiyeweza kusimama aswali ameketi, na asiyeweza kuketi aswali amelala, kwa sababu ibada hupimwa kwa nia na uwezo. Naye Papa Yohane Paulo II, aliyeugua Parkinson, aliendelea na utume wake mbele ya macho ya watu hadi alipofariki mwaka 2005, akishuhudia kwamba heshima ya mtu haipungui pamoja na nguvu zake.

Kwa hiyo uso uliokakamaa usihukumiwe kuwa una kiburi, wala ukimya usidhaniwe kuwa ni kukosa upendo, maana misuli ya uso nayo huugua. Jamaa, waumini na wauguzi wana wajibu wa kumsubiri mgonjwa amalize sentensi yake na hatua yake, kwa kuwa kumharakisha ni kumnyima nafasi ya kutimiza nia ambayo bado anayo.