Mpango wa Mtu Ambaye Bado Hajasoma

Mtu anayetoka dukani na vitabu saba amenunua nini hasa? Stakabadhi inasema karatasi na wino. Lakini hakuna anayeingia katika duka la vitabu la TPH, pale Mtaa wa Samora jijini Dar es Salaam, kwa ajili ya karatasi. Anachokitaka hakiuzwi pale wala popote: saa za kusoma. Duka linatoa kitabu; muda wa kukisoma mnunuzi ataenda kuutafuta mwenyewe, katikati ya kazi, foleni, watoto na usingizi.

Na hesabu yake haina huruma. Anayemaliza kitabu kimoja kila mwezi bila kukosa, kwa miaka 40, atakuwa amesoma vitabu 480 tu. Kila kinachoingia kwenye mfuko kinakifungia mlango kingine. Kwa nini basi, siku mshahara umeingia, tunabeba vingi kuliko tunavyoweza kusoma?

Wapo watakaosema ni tamaa. Tuipime kauli hiyo kwa haki. Tamaa, nionavyo mimi, ni ile haja inayotulia pale kitu kinapokuwa changu. Kwa kitabu haitulii. Nikiiweka kabatini Utengano ya Said Ahmed Mohamed bila kuifungua, ni mali yangu kisheria, lakini aliyeiazima maktaba akaisoma usiku kucha ana haki nayo kunishinda. Kumiliki hakujanipa kitu bado.

Wengine watasema ni akiba, na akiba haiozi. Jibu hili nalipenda zaidi, ila anayeishi pwani anajua kuwa kitabu nacho huoza: unyevu hukunja jalada, na mchwa hachagui mwandishi. Na hata kama kitabu kingedumu milele, msomaji habaki vilevile. Riwaya uliyoinunua ujanani kwa sababu ya jambo lililokunyima usingizi wakati ule, ukiifungua utu uzimani, itamkuta mtu mwenye maswali mengine kabisa.

Kinachotusukuma, nadhani, ni matumaini, na kwangu matumaini ni kumwamini mtu ambaye bado hatujawa. Tamaa hutaka kitabu kiwe changu. Matumaini hutaka mimi niwe mtu wa kitabu hicho.

Kwetu sisi matumaini haya yana historia yake. Wengi tulianza kusoma riwaya kwa amri. Vitabu vilichaguliwa na wengine, mtihani ukatungwa na wengine, na tulikariri dhamira na wahusika kabla hatujajua kama hadithi yenyewe imetugusa. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ilitoka mwaka 1971, ikapigwa marufuku shuleni. Baadaye ikaja kuwa kitabu cha kufundishia. Wanafunzi wa zama moja walikatazwa kuisoma, wa zama nyingine wakalazimishwa, na wote hawakuulizwa. Kwa hiyo mtu mzima anaposimama mbele ya rafu, bila mwalimu nyuma yake, akasema hiki ndiyo na kile hapana, anautumia uhuru ambao wengi wetu hatukulelewa nao. Haishangazi kwamba siku hiyo mkono huwa mwepesi.

Kwa wauza vitabu vya mitumba wanaovipanga chini kandokando ya barabara, maeneo ya Posta, niliwahi kupata nakala ya Kichwamaji, riwaya nyingine ya Kezilahabi, iliyopigiwa mistari ya penseli. Mistari ilikuwa imenyooka, ya rula, na pembeni palikuwa na alama za kuuliza. Katikati ya sura moja ikakoma. Kurasa zote zilizofuata zilikuwa safi. Labda msomaji yule alihama, au aliugua, au mtihani ulipita. Alikuwa na mpango, na mpango ukaishia njiani. Je, alichokisoma kilipotea bure? Siamini. Baadhi ya alama zake za kuuliza zilisimama mahali palepale ambapo mimi pia nilikwama. Kumaliza ni jambo jema, lakini si hilo linalompeleka mtu kitabuni.

Hapa ndipo suala la kupanga linapokuwa zito. Nisome kipi kwanza? Kwa juu juu ni swali la ratiba. Ukilichimba, ni swali la nani atakayesoma. Chukua Kezilahabi huyohuyo. Anayepitia Rosa Mistika, Kichwamaji ya 1974, Dunia Uwanja wa Fujo ya 1975 na Gamba la Nyoka ya 1979, ndipo akaifikia Nagona ya 1990, anaingia akiwa amemzoea msimulizi wa vijiji, miji na siasa, na anashtuka kukuta njia yote imefutika. Anayeanza na Nagona hashtuki hivyo. Kwake fumbo ndilo kawaida, na huenda akalitafuta hata katika Rosa Mistika. Vitabu ni vilevile. Mfuatano umetengeneza wasomaji wawili.

Basi mpango wa kusoma hupangwa na mtu ambaye bado hajasoma. Aliyeandika orodha ya vitabu saba hamjui atakayekuwa amemaliza cha kwanza. Ikiwa kitabu hicho kilikuwa na uzito wowote, kimeamsha maswali ambayo orodha haikuyajua, na cha pili huenda si chake tena. Orodha iliyofuatwa hadi mwisho bila kuguswa inanitia shaka.

Tena kuna vitabu ambavyo haviwezi kuingia kwenye orodha kwa sababu havijatufikia. Paradise ya Abdulrazak Gurnah ilitoka kwa Kiingereza mwaka 1994. Kwa Kiswahili ilitufikia mwaka 2022, kwa jina la Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Kwa miaka 28 hadithi ya kijana Yusuf wa pwani yetu ilikuwa ikisomwa kwingine, na wengi wanaoongea lugha ya pwani hiyo hawakuweza hata kuipangia siku. Ilipokuja, ilistahili kuruka foleni.

Siku hizi, kati ya vitabu vyangu saba, napanga viwili tu, Peponi kwanza, kisha Nagona kwa mara nyingine. Je, vile vitano vinavyobaki vinanidai? Naona vinanidai, ila si kwamba lazima nivimalize. Vinanidai kwamba kila nikifunga kimoja, nivishike tena vyote na kujiuliza upya ni kipi kinamhusu huyu niliye sasa. Kimojawapo huenda kikabaki bila kufunguliwa mpaka kimpate mwanangu, au mgeni aliyekuja kuazima, na sioni kwamba hapo nitakuwa nimekidhulumu.