Hina, Piko na Wudhu: Tuulize Kabla ya Kuhukumu

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Shukrani zote ni za Allah (S.W.) aliyetuumba katika umbo zuri na akatupenda tuwe safi. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, maswahaba zake na wote waliowafuata kwa wema. Amma baad.



Makala hii naiandika kwa sababu ya kosa nililolifanya mimi mwenyewe. Muhula uliopita mdogo wetu mmoja wa mwaka wa kwanza alirudi chuoni Jumapili jioni kutoka kwenye harusi ya binamu yake, Ombaci. Alikuwa amechorwa hina kuanzia ncha za vidole mpaka vifundo vya mikono, maua na majani, kazi safi kabisa. Aliingia chumba cha swala tukiwa tunajipanga safu ya Magharibi. Nikamtazama mikono, nikasema mbele ya wenzake wote: "Dada, na hina yote hiyo maji yanapita wapi? Wudhu huna."

Hakujibu. Alichukua viatu vyake akatoka.

Siku nne hatukumwona kwenye jamaa. Siku ya tano mwenzake wa chumbani akaja kuniita. Nilimkuta amekaa kitandani, migongo ya mikono imechubuka na imevimba. Alikuwa ameisugua hina kwa limau, kwa sabuni ya kufulia, na mwisho kwa waya wa kusugulia masufuria. Ngozi ilitoka, hina ikabaki. Akaniuliza swali moja tu: "Dada, hizi swala za siku nne nilizoziacha nitazilipaje?"

Nilikwenda kwa mwalimu wetu nikamweleza. Hakunifokea. Aliniuliza: "Dalili yako ilikuwa ipi?" Sikuwa nayo. Nilikuwa nimesikia mahali, kutoka kwa mtu, naye amesikia mahali. Ndipo akanikumbusha hadithi ya Jabir (R.A.) iliyopokewa na Abu Daud. Mtu mmoja alipigwa jiwe kichwani akiwa safarini na wenzake, kisha akaamka na janaba. Akawauliza kama anaweza kutayamamu. Wakamwambia hawamwonei ruhusa, maadamu maji anayaweza. Akaoga, akafa. Habari ilipomfikia Mtume (S.A.W.) alikasirika sana. Alisema kwamba wale wamemuua, na akauliza kwa nini hawakuuliza walipokuwa hawajui, kwani dawa ya kutojua ni kuuliza.

Mikono ya mdogo wangu ilipona, alhamdulillah. Lakini tokea siku ile nimeona ni haki yake, na ni haki yenu, niliandike nililojifunza baada ya kuuliza.

Kwanza: je, maji yanafika?

Katika Suratul Maida, aya ya 6, Allah ametuamrisha kuosha nyuso, mikono mpaka viwiko, kupaka maji vichwani, na miguu mpaka vifundoni. Jambo hili halina mchezo. Imepokewa na Muslim kwamba mtu mmoja alitawadha akaacha sehemu ya mguu kiasi cha ukucha bila kuipatia maji, na Mtume (S.A.W.) akamrudisha akatawadhe vizuri. Kwa hiyo aliyeuliza kuhusu hina na wudhu hakuuliza upuuzi. Ni swali la haki. Kosa langu lilikuwa kwenye jibu.

Imam Nawawi, ambaye sisi wa madhehebu ya Shafii tunamrejea sana, ameeleza katika Al-Majmu' kwamba kitu chenye mwili, kama nta, unga uliokandwa au hina yenyewe ikiwa imeganda juu ya kiungo, kikizuia maji basi twahara haisihi, kiwe kingi au kidogo. Lakini ikiwa kilichobaki ni athari ya hina na rangi yake tu, bila ya mwili wake, twahara inasihi. Tofauti ni hiyo tu: ganda linazuia maji, rangi haizuii.

Na ukiuangalia mmea wenyewe utaona kwa nini. Majani ya mhina yana rangi ambayo hushikana na protini ya ngozi ya juu kabisa, ile iliyokwisha kufa. Haikai juu ya ngozi kama rangi ya ukuta, bali imeingia ndani yake. Ndiyo maana huwezi kuisugua ikatoka kwa siku moja. Inaondoka kidogo kidogo ngozi inapojibadilisha, baada ya wiki moja, mbili au tatu. Mdogo wangu alikuwa anapigana na ngozi yake mwenyewe, nami ndiye niliyemtuma vitani.

Basi tupime kila pambo kwa kipimo hicho. Hina iliyokwisha banduliwa na kuoshwa: wudhu ni sahihi. Rangi ya kucha ya kawaida: ni ganda, iondolewe. Kile kinachoitwa "hina nyeupe" siyo hina. Ni rangi yenye gundi inayokaa juu ya ngozi, pamoja na vumbi lake la kumetameta. Iondolewe. Picha za kubandika zinazotoka kwenye pakiti za ubani ni karatasi laini ya plastiki juu ya ngozi. Nazo ziondolewe kabla ya wudhu.

Hapa na kaka zetu wasikie, maana wao ndio wepesi wa kutazama mikono ya dada zao. Timu ya taifa, Cranes, ikicheza, wangapi wenu wanapaka uso mzima rangi nyeusi, njano na nyekundu? Wakati wa CHAN, Agosti 2025, nilimwona kaka mmoja ameswali Alasiri na bendera nzito shavuni, kisha akakaa kumkosoa dada aliyevaa hina. Rangi ile ikikauka huwa ni ganda, tena juu ya uso, kiungo cha kwanza kutajwa katika aya. Shangilieni timu, lakini nendeni na sabuni na maji.

Pili: je, inadhuru?

Swali hili hatuliulizi kabisa, nalo kwa maoni yangu ndilo zito zaidi kwetu hapa. Uislamu haukuikataza hina. Salma, mtumishi wa Mtume (S.A.W.), amesimulia kwamba Mtume alipopata jeraha alikuwa akiagiza liwekwe hina. Siku ya kufunguliwa Makka aliletwa Abu Quhafa, baba yake Abubakar (R.A.), nywele na ndevu zake nyeupe pepepe, na Mtume akaagiza zibadilishwe rangi, ila waepuke nyeusi. Kilicholaaniwa, katika hadithi ya Ibn Mas'ud waliyoipokea Bukhari na Muslim, ni kuchanja ngozi na kutia rangi ndani yake, yaani tatuu ya kudumu. Hina huja na kuondoka.

Na kwetu West Nile hina ina historia. Wanubi wetu ni kizazi cha askari waliokuwa na Emin Pasha katika jimbo la Equatoria, ambaye miaka ya 1880 aliweka makao yake Wadelai, huku huku kwetu kando ya Nile. Mwaka 1891 Lugard aliwachukua wengi wao kuwapeleka kusini, wakatapakaa mpaka Bombo na Kibera. Walikwenda na dini yao, lugha yao na hina yao. Mpaka leo, Arua na Koboko, bi harusi wa Kinubi akitoka bila hina watu watauliza kama kuna msiba. Baadhi ya bibi zetu wana pia chale za zamani mashavuni. Hizo walichanjwa wakiwa watoto, na mtoto haandikiwi dhambi kwa alichotendewa. Tusiwatazame kwa dharau.

Lakini siku hizi, kwenye harusi na sikukuu, hina ya majani imeanza kuachia nafasi piko nyeusi. Wanaharusi wanaitaka iwe nyeusi tititi na ikauke upesi. Jani la mhina haliwezi hilo. Hina ya kweli huwekwa kwa saa kadhaa, ikibanduliwa ni ya rangi ya chungwa, kisha huiva kuwa hudhurungi kwa siku moja au mbili. Ukiona kitu kimekuwa cheusi kama makaa kwa nusu saa, jua kimetiwa kitu kingine, na mara nyingi ni unga wa rangi ya nywele wenye kemikali iitwayo PPD. Kemikali hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya nywele, na hata kwenye nywele hutumika kwa kiasi maalumu. Nchi za Umoja wa Ulaya haziruhusu ipakwe juu ya ngozi. Mwaka 2006 chama cha Marekani cha madaktari wa mzio wa ngozi kiliitangaza kuwa kisababishi cha mzio cha mwaka ule. Na Sudan, ambako wanawake waliizoea kuichanganya na hina ili iwe nyeusi haraka, madaktari wa Khartoum waliandika mwaka 1992 juu ya watoto waliopata sumu kutokana na mchanganyiko huo.

Anayedhurika huwashwa, huvimba, na hutoka malengelenge kwa kufuata mchoro wenyewe, ua kwa ua. Wengine hubaki na alama. Na mwili ukishaikataa PPD mara moja, huendelea kuikataa maisha yote, hata kwenye rangi ya nywele utakayopaka uzeeni. Anayeona dalili hizo aoshe, aende hospitali, asifunike kwa poda.

Watoto wachanga nao tuwaache kabisa, hata kwa hina safi. Katika nchi zenye malaria kama yetu, wapo watoto wengi waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, na kwa hao hina ikipenya mwilini inaweza kuvunja chembe nyekundu za damu.

Kanuni ya dini yetu ni kwamba hakuna kudhuru wala kudhuriana, na katika Suratul Baqara, aya ya 195, Allah ametukataza kujitia kwenye maangamizi kwa mikono yetu. Basi dada zangu, kabla hujanyoosha mkono, muulize mchoraji: "Umechanganya nini humu?" Asipokujibu, rudisha mkono wako. Nawe unayejipatia ada ya shule kwa kuchora wenzako, kazi yako ni halali na nzuri. Usiiharibu kwa unga usioujua. Mchoro usiwe wa viumbe wenye roho, maua na majani yanatosha.

Tatu: nani anachora, na nani anaona?

Mapambo ni ruhusa. Allah Mwenyewe, katika Suratul A'raf, aya ya 32, anauliza ni nani aliyeyaharamisha mapambo aliyowatolea waja Wake. Lakini katika Suratun Nur, aya ya 31, ameyawekea mipaka. Wanavyuoni wametofautiana kuhusu hina ya viganjani, kama ni katika pambo linaloonekana kwa kawaida au la, na anayeifunika amechukua tahadhari. Ila mchoro unaopanda mpaka kiwikoni au kwenye muundi ni wa kufunikwa. Na wale vijana wanaozunguka hosteli kwa hosteli na vikapu vya rangi za kucha, wakishika mikono na miguu ya mabinti: dada yangu, yule siyo maharimu wako. Mwenzako wa chumbani anaweza kukufanyia kazi hiyo hiyo.

Kaka zetu, ndevu na nywele mnaruhusiwa kuzitia hina. Kujichora mikono na miguu kwa pambo ni jambo la wanawake, na Mashafii wamelikataza kwa mwanamume isipokuwa kwa dawa.

Ndugu zangu, katika hadithi ile ya Ibn Mas'ud kuna mwanamke aitwaye Ummu Ya'qub. Aliposikia laana ya wachanjaji alimwendea Ibn Mas'ud akamwambia amesoma msahafu wote na hakuliona jambo hilo. Ibn Mas'ud, swahaba mkubwa, hakumwambia anyamaze. Alimwelekeza kwenye aya ya 7 ya Suratul Hashr, kwamba lolote analotupa Mtume tulichukue na analotukataza tuliache. Mwanamke aliuliza, akapewa dalili. Mdogo wangu hakupewa hata nafasi ya kuuliza. Mimi ndiye niliyepaswa kusema "sijui, ngoja nikuulizie", maneno ambayo hayamvunjii hadhi mwanafunzi wa dini.

Mwalimu alimjibu swali lake: alipe swala za siku zile nne kwa utaratibu, na maadamu maji yanamuumiza penye majeraha, aoshe palipo pazima na kwa palipochubuka atayamamu. Hapo ndipo niliposhindwa kuzuia machozi. Kabla ya fatwa yangu, maji yalikuwa yakifika mikononi mwake bila kizuizi. Baada ya fatwa yangu hakuweza kuyagusa.

Nilimhukumu mbele za watu, na Ijumaa iliyofuata nimemwomba radhi mbele za watu wale wale, katika chumba kile kile. Amenisamehe. Namwomba Allah naye anisamehe.

Ewe Mola wetu, tutakasie viungo vyetu kwa maji na nyoyo zetu kwa elimu. Utuepushe kusema juu Yako tusilolijua. Utujaalie tuwe wepesi wa kuuliza na wazito wa kuhukumu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.