Saa Kubwa, Wakati Uleule

Juzi hapa Kitale, ndani ya matatu ya kwenda Bungoma, niliketi kando ya kijana aliyevaa saa pana kuliko kifundo cha mkono wake. Mkanda ulikuwa umetobolewa tundu la ziada, na bado saa ilimteleza. Nikamwuliza ni saa ngapi. Akatoa simu mfukoni. Mishale ya ile saa ilikuwa imesimama.

Zamani ukubwa ule ulikuwa na kazi. Katika Vita vya Pili vya Dunia, waongoza-njia wa ndege za kivita za Ujerumani walivaa saa za milimita 55 juu ya mkono wa koti, ili zisomeke gizani. Leo wengi wetu tunazivaa ili zionekane.

Simlaumu kijana; pambo si dhambi. Lakini Kiswahili kimevipa chombo na wakati jina moja: saa. Mama anayepanga sukuma wiki sokoni kabla ya jua kuchomoza hana saa mkononi, ila wateja wake hawamngoji. Ukisema saa mbili, ndugu yangu, fika saa mbili.