Jani la Njano na Suala la Sababu

Jani la mchungwa hugeuka njano kwa njia nyingi. Udongo ukipungukiwa nitrojeni, majani makongwe hufifia kwanza. Maji yakituama mizizini, mti mzima hupauka hata kama umetiwa samadi ya kutosha. Dalili ni moja, vyanzo ni vingi, na anayeukagua mti wa uani hukutana na swali la zamani la falsafa: kitu gani kinastahili kuitwa sababu?

Mwanateolojia Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alilijadili kwa mfano wa moto na pamba katika kitabu chake Tahafut al-Falasifa. Jicho, alihoji, huona pamba ikiungua inapokutana na moto. Haliuoni ulazima unaoufunga moto na kuungua huko, kwani mtendaji ni Mungu. Mwanafalsafa Ibn Rushd alimjibu baadaye kwamba anayekana sababu anaikana elimu yenyewe. Mkulima humfuata Ibn Rushd kila anaposhika jembe, lakini tahadhari ya Al-Ghazali ina faida kubwa bustanini, maana vitu viwili kuonekana pamoja ni ushahidi mwembamba.

Masizi meusi juu ya majani yanalithibitisha hilo. Ni kuvu, ila kuvu huyo hauli mti. Huishi kwa utomvu mtamu unaodondoshwa na vidugamba wanaofyonza majani. Vidugamba nao hulindwa na maji moto, sisimizi wanaoufuata utamu huo. (Sisimizi hao hao huilinda minazi na mikorosho dhidi ya wadudu waharibifu, kwa hiyo kuwaita adui ni haraka mno.) Masizi yakifutwa hurudi, vidugamba wakidhibitiwa, majani mapya hutoka safi. Katika mnyororo kama huu, kinachoitwa sababu mara nyingi ni kiungo kile ambacho mkono wa mtu unaweza kukikata.

Kuna ugonjwa usiokubali jibu jepesi hivyo: huanglongbing, ambao Afrika Mashariki huenezwa na mdudu Trioza erytreae, hasa kwenye nyanda za juu zenye baridi. Mabaka yake ya njano hayalingani pande mbili za mshipa wa katikati wa jani, ilhali upungufu wa zinki huchora pande zote mbili karibu sawa. Tunda huwa dogo, limepinda, na mbegu zake zimesinyaa na kuwa nyeusi. Kwa kanuni za Robert Koch za kuthibitisha chanzo cha ugonjwa, kijidudu kinachotuhumiwa hutengwa, hukuzwa maabara, hupandikizwa kwenye kiumbe kizima na kupatikana humo tena. Bakteria anayetuhumiwa kuleta huanglongbing amekuwa mgumu kukuzwa peke yake, ndiyo maana jina lake la kisayansi bado linatanguliwa na neno Candidatus. Hata hivyo anahukumiwa, kwa sababu kikonyo kilichoungwa kutoka mti mgonjwa huuambukiza mti wenye afya.

Utata hauishi hapo. Mti ulioambukizwa mara nyingi huonyesha pia dalili za kukosa zinki, hivyo majani mapya kutoka ya kijani baada ya kunyunyiziwa zinki hakumwondolei bakteria tuhuma. Kwa kuwa mti ulioambukizwa hauna tiba ya kuuponya kabisa na ukibaki huwaambukiza wenzake, matunda kadhaa hupasuliwa, mbegu zikatazamwa, na michungwa ya jirani ikakaguliwa, kabla ya kuamua kuung'oa.