Redio Inayotujua

Mtangazaji wa Tunduma anaposema ni saa 1 kamili asubuhi, ng'ambo ya mpaka, Nakonde, saa za Zambia ndiyo kwanza zinasoma 12. Lakini mawimbi hayapiti forodha. Mama anayekaanga vitumbua Nakonde anasikia wimbo uleule anaousikia kijana wa bodaboda wa Sogea, na dereva anayepeleka mzigo Lubumbashi anausikia akiwa kwenye foleni ya malori.

Nyimbo zenyewe si hoja. Bongo Fleva inayopigwa hapa ndiyo inayopigwa Dar es Salaam, na mwenye simu anazo zote mfukoni. Mimi redio ya mji naipima kwa yale yanayosemwa kati ya wimbo na wimbo: mtoto kapotea Mpemba, msiba uko Chapwa, gunia la mahindi limefika bei gani, kwacha imepanda au imeshuka, mkia wa foleni umeishia wapi leo. Mji wenye watu zaidi ya 200,000, wengi wao wageni wa juzi waliofuata biashara, unahitaji sauti ya kuwajulisha wao kwa wao.

Tuliokua na Redio Tanzania Dar es Salaam tunakumbuka salamu na matangazo ya vifo, nchi nzima ikisikiliza pamoja. Sheria ya utangazaji ya 1993 ikawafungulia mlango watu binafsi, Radio One ikaingia hewani 1994, na baadaye mikoa nayo ikapata vituo vyake. Songwe ulikuwa bado sehemu ya Mbeya. Mkoa wetu umezaliwa 2016 tu. Kwa hiyo kusikia Vwawa, Ileje au Momba ikitajwa redioni kwa jina lake ni jambo kubwa kwetu kuliko anavyoweza kudhani mtu wa mbali.

Ndiyo maana inaniuma mtangazaji wa hapa anapoiga lafudhi na utani wa Dar es Salaam, kana kwamba kwao ni pa kufichwa. Inaniuma zaidi kwa vijana wanaobeba mizigo mpakani wapate pesa ya studio, kisha wakifikisha wimbo wanaambiwa watoe chochote ndipo upigwe. Ngoma za Wanyiha, Wanyamwanga na Wandali zinajaza harusi zetu, ila hewani zinasikika kwa nadra.

Wenye vituo, tengeni saa moja kila jioni kwa wasanii wa Songwe, bila malipo. Wasikilizaji, pigeni simu mziombe nyimbo hizo. Nanyi wenye maduka na nyumba za wageni, tangazeni biashara zenu kwenye redio ya hapa na mlipe kwa wakati, maana mtangazaji asiye na mshahara ndiye anayemdai chochote kijana wa watu.